Mwaka Tuliofika kwa Njia Nne

Ambakisye alizikwa Jumatano, nami nikafika Geita Alhamisi saa nne asubuhi, miguu imevimba kwa basi, kanga ya msibani bado ina mikunjo ya dukani. Kuchelewa ndiyo tabia yangu. Marehemu alikuwa akisema hata kiama watanisubiri. Mkewe, Mama Neema, alinipokea mlangoni, tukakumbatiana, tukalia mpaka tukachoka, kisha akanikalisha sebuleni kwenye kiti cha marehemu. Nikamwambia siwezi kukaa hapo. "Kaa, dada Zaituni," akasema. "Alisema ukija ukae hapo. Kuna kitu ameacha nikusikilizishe. Lakini ule kwanza." Nikaletewa ugali na sato wa kukaanga, nikawa namega tonge na kulizungusha kwenye sahani kama mtoto aliyekatazwa kuondoka mezani. Mimi nami nilikuwa na langu la kusema. Nilikuwa na uongo wa karibu miaka hamsini, na mtu pekee niliyetaka kumwambia nilikuwa nimemkuta keshafukiwa.

Uongo wenyewe ulizaliwa chuoni Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chumba kilichokuwa stoo ya mafagio chini ya ngazi za maktaba. Hicho ndicho chama chetu cha wanafunzi wa Masomo ya Afrika kilipewa kiwe ofisi. Kilinuka dawa ya sakafu na chapati, kwa sababu kila mkutano lazima mtu alete chapati, na chai ilikorogwa kwenye ndoo ile ile iliyoachwa na wafagiaji. Wallahi tuliinywa, na hakuna aliyekufa. Ukutani Ambakisye alikuwa amechora ramani ya bara zima kwa wino wa mhuri, Madagaska imekuwa kubwa kuliko Misri, na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, mtu wa kutengeneza vitu. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini Shinyanga, mdomo mrefu, nisiyejua kutengeneza hata uji. Kazi ya chama ilikuwa kuyashika mkono yale masomo yasianguke. Yalikuwa na mwalimu mmoja tu, tuliyemwita Daktari, na rafu moja ya vitabu, karibu vyote vimeandikwa na wageni. Tulichapa mihtasari ya Daktari kwa taipureta isiyo na herufi k, tukiijaza kwa kalamu, na kwa Kiswahili hiyo ni adhabu kubwa.

Siku moja nilikuwa chumbani mle peke yangu, mlango umerudishwa, nikasikia wahadhiri wawili wamesimama pale ngazini. Mmoja akasema, "Mwakani haya Masomo ya Afrika tuyafunge. Mwanafunzi atafanya mtihani wa kitu gani? Hadithi za bibi yake?" Mwenzake akacheka, akasema kitivo kitakaa baada ya likizo ndefu na shauri litakwisha. Wakapanda ngazi, viatu vyao vikilia juu ya kichwa changu. Jioni ile nikawaeleza wenzangu, na Daktari mwenyewe akaja, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema njia ni moja tu: twende vijijini likizoni na kinasa sauti, turudi na historia inayosemwa na wenyewe, ya kutosha kufundishia muhula mzima. Tukirudi mikono mitupu, masomo yamekwisha. Alijua mama mmoja mzee, mwendo wa miguu kutoka Mhunze, aliyekulia ikulu ya mtemi wa zamani. Akauliza nani anajua Kisukuma. Wenzangu wakatazama chai yao. Nikaona ile ramani ya wino, nikasikia tena kicheko cha ngazini, mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. "Mimi," nikasema. "Nimekulia Shinyanga." Nilikuwa najua Kisukuma cha sokoni: kusalimu, kupunguza bei ya karanga, na kumtukana muuza kuku. Basi.

Chama kikanipa Ambakisye, kinasa sauti kizito kama kreti ya soda, tepu chache za kuhesabu, na mawe ya redio ya kukiendesha. Tukapanda treni mpaka Shinyanga, tukadandia lori lililokuwa linafuata pamba mpya ya mwaka ule Mhunze, na kutoka hapo tukatembea, yeye amebeba mashine mabegani na mimi nimebeba heshima yangu ya ukalimani. Mama tuliyemfuata aliitwa Mayu Kabula, na mayu ni mama kwa Kisukuma. Alikuwa mdogo wa umbo, mweusi tii, kichwa kimenyolewa, amekaa kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yake ya nyasi. Tulipofika hakusema kitu. Tukapewa maji, tukanywa, tukakalishwa. Ndipo akaanza kusalimu, na salamu ile, jamani, haikuwa na mwisho. Alisema kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, macho yako kwenye njia tuliyotokea, na mwishoni akataja neno moja, akanyamaza, akanitazama. Ambakisye alikuwa ameshawasha mashine. Nikamwashiria azime. "Salamu tu hizo," nikamwambia kwa mamlaka yote. "Tutunze tepu."

Kwa siku sita tuliendelea hivyo. Kila asubuhi tulitoka kwenye banda tulilopewa, tukakaa mbele yake, nami nikauliza maswali ya Daktari yaliyoandikwa kwenye karatasi: mtemi wa kwanza alikuwa nani, alitoka wapi, alifuatwa na nani. Maswali hayo nilikuwa nimeyakariri kama dua. Mayu Kabula alijibu kila swali kwa maneno machache yale yale, na hayo hata mimi niliyaelewa: "Sijui. Waulize wanaume." Kisha anatuletea michembe ya viazi iliyochemshwa, karanga na maziwa mgando, na kututazama tunavyokula kwa furaha kubwa. Ambakisye akinong'ona, "Anasemaje?" nami najibu, "Anakumbuka kidogo kidogo." Lahaula! Nililala kila siku nikiona wale wawili wa ngazini wanacheka.

Siku ya saba nilikwenda mtoni na wasichana wa nyumbani kuteka maji. Nikachelewa (si nimesema?), nikarudi peke yangu na debe kichwani, nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, kwa njia ya kusini ambayo sikuwahi kuipita. Mayu Kabula aliponiona akanyoosha mgongo. Akangoja nitue debe, ninywe, nikae. Akanisalimu. Nami, nisiyeelewa maneno, nina sikio. Nimekulia nyumba ya watu wa kasida. Nikasikia kwamba zile sauti si za siku ya kwanza. Majina yalikuwa mengine. Mpangilio ulikuwa ule ule, lakini watu walikuwa wengine. Nilikaa pale na nguo mbichi mpaka alipomaliza, akataja neno moja la mwisho, akanyamaza akinitazama, na mimi, sijui kwa nini, nikalirudia lile neno. Mayu Kabula akacheka kwa sauti, akapiga makofi mara moja.

Jumapili akarudi mwanawe, Mzee Maduhu, aliyeshinda juma zima mnadani na ng'ombe. Yeye alijua Kiswahili. Aliwahi kufanya kazi mgodi wa almasi. Tulimwamkia, nikamweleza lililonipata, akashangaa kwamba tunashangaa. "Mama anasalimia njia," akasema. "Ndiyo ilikuwa kazi yake ikulu, kupokea wageni. Kila njia ina watu wake. Ukija kwa njia ya Mhunze, anakutajia wote waliokuja kwa njia hiyo kabla yako, tangu aliyefyeka pori. Walikuja na nini, walikimbia nini, njaa gani, vita gani. Anaishia kwa wa mwisho. Wewe unamtaja huyo, halafu unataja jina lako, basi umeingia kwenye njia." Ambakisye akauliza polepole, "Sasa mzee, hawezi kutusalimu sisi tuliokaa hapa?" Maduhu akamtazama kama aliyeulizwa kama mvua inaweza kunyesha kutoka ardhini. "Utamsalimuje mtu ambaye hajafika?"

Nikaangalia tepu zetu. Siku sita za "sijui" zilikuwa zimenaswa kwa uaminifu, na historia ya nchi nzima niliizima kwa mkono wangu mwenyewe. Nililia pale pale, bila aibu. Ambakisye hakunilaumu hata kwa neno moja. Alifuta jasho la mashine kwa shati lake, akasema, "Basi tuondoke, Mswahili. Tuondoke ili tufike."

Na ndivyo tulivyofanya. Tuliaga kweli kweli, na mizigo yetu, tukalala Mhunze nyumbani kwa mwalimu mmoja, tukarudi kesho yake kwa njia ile ya kwanza, ya mashariki. Tukaaga tena, tukavuka mto, tukalala ng'ambo, tukaja kwa njia ya kusini. Tukaaga, tukazunguka siku mbili upande wa Mwanza, tukatokea kaskazini tumefunikwa vumbi. Watoto walitupokea kwa vigelegele na kuulizana kama chuo kimetufukuza. Lakini Mayu Kabula hakucheka. Kila tulipofika, maji, kigoda, kimya, kisha sauti ile. Nimesikiliza watu wenye elimu kubwa maishani, sijapata kuogopa mbele ya akili ya mtu kama nilivyomwogopa mwanamke yule. Salamu ya mashariki ilichukua tepu nzima upande mmoja na mwingine, hakurudi nyuma, hakujikwaa, hakuuliza ameishia wapi. Nilimwona Ambakisye amepiga magoti na maikrofoni, midomo wazi, amesahau kufukuza nzi. Sikuelewa ila neno hapa na neno pale, lakini nilijua nipo mbele ya kitu kikubwa. Neno la mwisho likija, nalirudia, natamka "Zaituni," naye anatikisa kichwa kukubali. Ujanja wangu ulikuwa huo tu.

Ikabaki njia ya magharibi. Maduhu alikuna kidevu. "Hiyo haisalimii siku hizi. Ni njia ya Geita, ya dhahabu. Hakuna anayefika kutoka huko." Akaitazama njia yenyewe. "Kuna mtu wetu alikwenda." Nikasema tutazunguka nyuma ya kijiji tutokee magharibi, akakataa kwa ukali ambao hatukuwa tumeuona. Mama atauliza tumetoka wapi, na mtu hamwongopei anayempokea. Basi tukaenda Geita ya kweli, kwa malori, kupitia Kahama, tumekaa juu ya magunia. Mgodi mkubwa wa wakoloni ulikuwa umefungwa, lakini vilimani bado kulikuwa na watu wenye karai na sururu, wakichekecha mchanga kwenye vijito, wanaongea kwa mafumbo yao. Walituuliza kama tunanunua. Ambakisye akawaonyesha mashine, wakatuona wapelelezi. Mama mmoja muuza chakula akatuhurumia, akatulaza kwake, akatupikia sato. Binti yake alikuwa Msukuma wa maneno machache, na niliona Ambakisye anaomba mchuzi mara ya nne ilhali ameshiba. Huyo binti ndiye Mama Neema wa leo.

Tulipotokea kwa njia ya magharibi ilikuwa alasiri, tepu ya mwisho iko kwenye mashine, mawe ya redio yanakaribia kwisha. Maduhu alikuwa kwenye foleni ya kuuza pamba. Palikuwa na wanawake wa nyumbani tu. Mayu Kabula alituona tangu mbali. Alisimama. Hakuwahi kusimama kabla ya hapo. Tulipokwisha kunywa maji akauliza tumetoka wapi, nikajibu, Geita. Akakaa. Akaanza, na safari hii sauti ilikuwa inapanda na kushuka. Katikati ikakatika, akameza mate, akaendelea. Nami nikangoja neno la mwisho nililidake. Halikuja. Badala yake akaniuliza swali, swali refu, huku ameinama mbele mpaka naona mishipa ya shingo. Wanawake wote wakanigeukia. Sikuelewa hata neno. Akauliza tena, polepole, kama anayeomba. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kwa mkono wa nyuma nikamwashiria Ambakisye azime, zima, zima! Mayu Kabula akawageukia wanawake, akasema maneno mengi kwa utulivu. Wakatazamana. Mmoja akatabasamu kwa huzuni. Mayu Kabula akanishika mkono, akaupapasa, akaingia ndani. "Amesemaje?" Ambakisye akauliza. "Ametubariki," nikasema. "Umezima?" Akainama juu ya mashine. "Mawe yalikufa zamani," akanijibu. "Alipouliza lile swali tu." Alhamdulillahi, nikasema moyoni.

Siku zilizobaki za likizo nilizitumia Shinyanga sokoni, nimejificha macho ya Ambakisye nyuma ya kibanda cha Mama Kulwa, muuza karanga, mwanamke niliyezoea kubishana naye bei. Tepu baada ya tepu alinieleza, mimi naandika. Ya magharibi Ambakisye alinipigia mwenyewe nyumbani, akaizima penye swali, akaondoka nayo, nami nikampelekea Mama Kulwa maneno niliyoyashika kwa sikio. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu wa katikati, pale sauti ilipokatika, alikuwa Ng'wandu, kitinda mimba wa Mayu Kabula, aliyekwenda kuchimba dhahabu akiwa kijana na hakurudi. Mama yake alishindwa kumweka mwisho, maana wa mwisho ni aliyefika. Swali lake lilikuwa: wewe uliyetoka huko, umemfuata nani? Alitaka mtu aliyetoka Geita alitaje jina la mwanawe mlangoni kwake. Neno moja. Mama Kulwa alijifuta macho kwa kanga, akaniuliza, "Ukamjibuje?" Nikasema nilimjibu vizuri.

Masomo yetu yalipona. Kitivo kilipokaa, Daktari hakuhutubia. Aliweka salamu ya mashariki, nami nikasoma tafsiri yangu kifungu kwa kifungu. Yule aliyecheka ngazini, niliyemtambua kwa sauti, akaomba irudiwe, akaanza kuandika. Somo likabaki, likapata mwalimu wa pili, na chama chetu kikapata chumba chenye dirisha. Watu wakaniita bingwa wa Kisukuma. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipohitimu niliomba kupangiwa kufundisha Shinyanga, na mwezi wa kwanza tu nikaenda kwa miguu kutoka Mhunze. Mayu Kabula alikuwa amefariki kipindi cha mvua. Maduhu alinipa maji, tukakaa. Nimeishi nchi hiyo tangu wakati huo, nimeolewa huko, Kisukuma nakiota usingizini. Lakini maneno yale ya mwisho aliyowaambia wanawake sikuthubutu kuyauliza, sikuyajua kamwe. Niliamini yalikuwa ya kunilaani, na kusema kweli niliona nastahili.

Nilipomaliza kula, Mama Neema aliita jamaa waliokuwa uani: dada zake, shangazi mmoja mkongwe, majirani. Binti yao Neema akaweka simu mezani. "Baba aliihamishia ile tepu yenu humu mwaka jana," akasema. Nikasikia vumbi la tepu, jogoo wa zamani, kisha Mayu Kabula. Wakasikiliza wote. Sauti ikakatika pale pale, ikaendelea, likaja swali. Likaja mara ya pili. Kikaja kimya changu. Nikasubiri izime, kwa kuwa mawe ya redio yalikufa. Haikuzima. Sauti ikaendelea, na sasa nilielewa kila neno, kama ninavyoelewa Kiswahili.

"Binti huyu haijui lugha yangu. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza, anaitikia kabla sijamaliza. Msimcheke. Nimepokea watu tangu ujana wangu, sijapata mgeni aliyekuja kwa njia zote nne ili anisikie. Hata wa kwangu hawakunifanyia hivyo. Masikio ameleta. Maneno yatamfuata. Mwacheni, atanijibu akiweza."

Mama Neema alikuwa ananitazama. "Ni mimi niliyemtafsiria, tulipooana," akasema. "Akaniambia aliona tu nyuso za wale wanawake, akajua linakuhusu wewe, ndiyo maana akakudanganya kwamba mawe yamekufa. Nikamwambia mweleze, dada wa watu autue mzigo. Akasema, hapana, huyo anajifunza kwa sababu ya aibu, nikimwondolea ataacha. Halafu akazeeka, akawa anaona haya yeye." Nikacheka nikilia. Miaka yote hiyo nilikuwa namficha mtu anayejua, naye ananificha kwamba anajua, kila Idi na kila Krismasi tunapelekeana salamu. Jamani, watu wawili wazima!

Neema akanyoosha mkono achukue simu. Nikamzuia. Nilivaa vizuri kanga yangu, nikaketi wima kwenye kiti cha marehemu, nikiwa Geita, mwanzo wa ile njia, nikalijibu swali kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Niliyemfuata ni Ng'wandu, mwana wa Kabula. Nyuma ya Ng'wandu amepita Ambakisye. Mimi ni Zaituni." Shangazi mkongwe aliyekaa pembeni, asiyenijua wala kuijua habari yenyewe, akapiga makofi mara moja, akaagiza niletewe maji.